Évariste Galois: alikufa 1832, akatusaidia kufufua diski 2009

Leo sina siasa wala udaku. Nataka niwasimulie maisha ya kijana mmoja wa Kifaransa aliyekufa kwa risasi akiwa na miaka 20 tu. Ila itabidi mnivumilie kidogo, maana lazima nianze na diski ngumu mbovu. Bila ile diski nisingemjua huyu jamaa kabisa.

Ilikuwa 2009. Rafiki yangu, tuliyesoma naye sekondari, alifariki ghafla. Aliacha kompyuta ya mezani, ya mtumba, diski yake ya gigabaiti 80. Humo ndani ndimo alimoweka kazi yake ya miaka kama minne: kamusi ya Kibondei, maneno aliyokuwa anayakusanya kwa wazee kule Muheza, pamoja na sauti za bibi yake akisimulia hadithi. Rekodi 14. Bibi mwenyewe alishatangulia mwaka mmoja kabla. Nakala nyingine haikuwepo popote. Si kwenye flashi, si kwenye sidii, si kwenye barua pepe.

Baada ya arobaini mdogo wake akaja nayo kwangu ndani ya teksi, ameipakata kama mtoto. Akaniambia kaka, hii kitu inawaka lakini inalia tiki tiki tiki, halafu kioo kinakuwa cha bluu. Alishaipeleka kwa fundi mmoja, huyo bwana akamshauri aifute yote aweke Windows mpya, eti itapona. Mwingine akamwambia aitie kwenye friza usiku kucha. Namshukuru Mungu dogo aligoma kote kuwili. Kwa wale msiojua: ule mlio wa tiki tiki mara nyingi maana yake kichwa cha kusomea kinahangaika kutafuta njia. Kila ukiwasha kujaribu tena unaweza kuwa unazidi kukwangua kile unachotaka kukiokoa. Na friza inaleta umande ndani ya chombo ambacho hakitaki hata vumbi.

Nikaichomoa, nikaifunga kwenye mashine nyingine, nikawasha Linux kutoka kwenye sidii na kuanzisha programu inayoitwa ddrescue. Hiyo haibishani na sehemu mbovu. Kwanza inakomba haraka sehemu zote nzima. Ikikuta pabaya inaruka, inaandika kwenye daftari lake kwamba hapa nimeruka, inasonga mbele. Ikimaliza ndiyo inarudi kwenye mabaki, wakati mwingine ikisoma kinyumenyume. Umeme ukikatika (na ulikatika mara mbili) inafungua lile daftari na kuendelea pale ilipoishia. Kote huko haiandiki kitu kwenye diski mgonjwa. Kila inachopata inakimwaga kwenye diski nyingine nzima, na baadaye unafanya uchunguzi wako kwenye nakala. Wengi tunakosea hapo. Mtu anaingiza programu ya kufufua mafaili ndani ya diski ile ile mbovu, anaandika juu ya faili analolitafuta.

Kazi ilichukua siku tatu. Mimi na dogo tukawa tunashinda kafe ya jirani, tunarudi kuangalia namba zinavyosogea. Hapo kafe ndipo nikaanza kusoma: hivi diski inajuaje kwamba imesoma vibaya? Nikakuta kitu ambacho sikukijua. Kumbe diski husoma vibaya kila siku, hata ikiwa nzima, na hujisahihisha yenyewe kimya kimya. Kila kipande cha data kimeandikwa na baiti za ziada za ulinzi. Unapopata ujumbe kwamba sekta haisomeki, ujue diski imeshajaribu kusahihisha mara nyingi na makosa yamezidi uwezo wake. Nikafuata kiungo kimoja baada ya kingine, mpaka nikafika kwenye jina: uwanja wa Galois. Nikajiuliza, Galois ndiyo nani tena?

Basi hadithi yenyewe ndiyo hii.

Évariste Galois alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1811 Bourg-la-Reine, mji mdogo kusini ya Paris. Baba yake, Nicolas-Gabriel, aliendesha shule ya bweni na kuanzia 1815 alikuwa meya wa mji. Mama ndiye aliyemfundisha nyumbani, Kilatini na mambo ya kale, mpaka alipofika miaka 12 akapelekwa Paris kwenye shule ya Louis-le-Grand. Mwanzoni alifanya vizuri, halafu akachoka. Walimu wakaanza kuandika kwamba ana akili lakini ni wa ajabu ajabu. Mwaka 1827 akaingia darasa la hisabati, na tangu siku hiyo masomo mengine yote akayatupa. Alikuwa anasoma vitabu vya mabingwa moja kwa moja, akina Legendre na Lagrange, wakati wenzake wanahangaika na mazoezi ya mwalimu.

Tatizo lake nalijua, maana nimesoma na watu wa namna hiyo. Alikuwa anafanya hesabu kichwani halafu anaandika jibu bila hatua. Mwaka 1828 akajaribu mtihani wa kuingia École Polytechnique, chuo kikubwa kuliko vyote Ufaransa kwa hesabu, akafeli. Alikuwa amejiandalia mwenyewe, bila kozi ya maandalizi waliyopitia wengine. Bahati yake, mwaka huo akampata mwalimu Louis Richard aliyeona kitu gani amekishika mkononi. Aprili 1829, bado mwanafunzi wa sekondari, Galois akachapisha makala yake ya kwanza kwenye jarida la hisabati. Mwezi uliofuata akapeleka kazi yake kwenye Akademia ya Sayansi ya Paris.

Kazi hiyo ilihusu nini? Mnaikumbuka ile fomula ndefu ya sekondari, ya milinganyo ya kipeo cha pili, yenye kipeuo ndani yake. Waitaliano wa karne ya 16 walipata fomula za namna hiyo kwa kipeo cha tatu na cha nne. Kipeo cha tano kikawashinda watu kwa karibu miaka 300. Mnorwe Niels Abel alithibitisha 1824 kwamba fomula ya jumla kwa kipeo cha tano haipo na haitapatikana. Abel naye maskini alikufa Aprili 1829 akiwa na miaka 26. Lakini milinganyo mingine ya kipeo cha tano inatatulika. Ipi inatatulika, ipi haitatuliki, na kwa nini? Galois ndiye aliyejibu. Aliacha kuhangaika na namba zenyewe, akatazama jinsi majibu ya mlinganyo yanavyoweza kubadilishana nafasi bila kuharibu mahusiano yao. Alikuwa na miaka 17.

Sasa sikilizeni yaliyozipata zile karatasi. Msomaji aliyepewa na Akademia alikuwa Cauchy, jina kubwa mno. Hadithi tuliyozoea ni kwamba Cauchy alizipoteza kwa dharau. Ukweli una utata zaidi. Kuna barua yake ya Januari 1830 ambapo aliiarifu Akademia kwamba alikusudia kuzungumzia kazi ya Galois siku hiyo lakini anaumwa. Kikao kilichofuata akasoma kazi yake mwenyewe, ya Galois hakuitaja. Hakuna ripoti iliyotoka.

Wakati anasubiri, tarehe 2 Julai 1829 baba yake akajiua. Padri mpya wa pale mjini, wa upande wa mfalme, alikuwa anampiga vita meya. Vikasambazwa vishairi vya matusi vyenye jina la meya ambavyo si yeye aliyeviandika. Mzee aibu ikamshinda. Mazishi yenyewe yaligeuka vurugu. Wiki chache tu baadaye Galois akaingia tena kwenye mtihani wa Polytechnique, mara ya pili na ya mwisho. Akafeli. Inasimuliwa kwamba alimrushia mtahini kifutio cha ubao. Hiyo sijui kama niiamini, inanukia chumvi, ila kijana aliyetoka kumzika baba yake kwa namna ile, anaulizwa vitu anavyoona ni vya kitoto, mimi nisingeshangaa. Akaishia chuo cha ualimu ambacho baadaye kilirudishiwa jina la École Normale.

Februari 1830 akajaribu tena. Akademia ilikuwa na shindano la tuzo kubwa ya hisabati, naye akapeleka kazi yake iliyoandikwa upya. Katibu wa Akademia, Fourier (ndiyo huyo huyo wa zile Fourier wanazosoma watu wa vyuo), akaichukua nyumbani kwake akaisome. Mei 1830 Fourier akafariki. Walipopekua makaratasi yake, kazi ya Galois haikuonekana. Tuzo wakapewa Jacobi na marehemu Abel.

Hapo mimi nilisimama kusoma nikamtazama dogo, aliyekuwa kwenye kompyuta ya pili anaangalia mpira. Mara mbili jamaa kapeleka kazi kwa mtu mmoja, mara mbili haijarudi na maana yoyote.

Mwezi uliofuata, Juni 1830, Galois akachapisha kwenye jarida la Férussac makala fupi kuhusu nadharia ya namba. Kwa ajili ya diski yetu, hii ndiyo makala yenyewe. Ngoja nijaribu kuieleza, na mkiona nimechemsha mnisahihishe huko chini.

Chukua karatasi ya grafu. Mstari ulionyooka unahitaji nukta 2 tu. Sasa mimi nakutumia nukta 4 za mstari mmoja, njiani moja inapigwa na kuhama. Ukizipanga utaona 3 zimekaa kwenye mstari na moja imekaa pembeni kama mlevi. Umejua ipi imeharibika, na umejua ilipaswa kuwa wapi. Na kama nukta hazikuhama bali zimefutika kabisa na unajua ni zipi, unaweza kupoteza hata 2 na mstari bado ukauchora. Wazo hilo, kwa michoro yenye mapindo mengi kuliko mstari, lilitolewa 1960 na Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon. Zile baiti za ziada za ulinzi ni nukta za ziada.

Sasa shida iko hapa. Baiti moja ina thamani kuanzia 0 mpaka 255, basi. Ukianza kujumlisha, kuzidisha na kugawanya upate michoro, namba zitafurika au zitatoka sehemu zisizoingia ndani ya baiti. Inatakiwa hesabu ambayo ukijumlisha, ukitoa, ukizidisha, ukigawanya, jibu linabaki humo humo ndani ya zile namba 256. Mtu atasema tumia hesabu ya saa, kama saa 8 ukiongeza 7 unapata saa 3. Hesabu ya saa inakubali kugawanya vizuri pale tu idadi ya namba inapokuwa namba tasa, kama 7 au 13. Kwa 256 inavunjika: 2 mara 128 inakupa 0, na ukishapata sifuri huwezi kurudi nyuma kujua ulitoka wapi. Galois mwaka 1830 alionyesha kwamba ipo njia nyingine ya kuzidisha, inayofanya kazi kwa kila idadi iliyo kipeo cha namba tasa. Na 256 ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 8. Huo ndio uwanja wa Galois.

Yeye hakuwaza diski wala baiti. Hata umeme wa taa haukuwepo. Alikuwa anajifurahisha na namba, mwenye miaka 18. Lakini sidii za muziki zilizoanza kuuzwa 1982 zinaimba zikiwa na mikwaruzo kwa sababu ya hesabu ile. Diski ngumu nyingi za enzi ya ile ya rafiki yangu zililindwa kwa njia ya Reed na Solomon, ingawa diski za baadaye zimehamia mbinu nyingine. Na zile alama za QR za miraba miraba mnazopiga picha kwa simu mkilipia dukani, zinazosomeka hata zikiwa na doa la mafuta, ndani yake ni Galois mtupu.

Turudi Paris, maana siasa zinamsubiri. Julai 1830 wananchi wakampindua mfalme Charles X. Mkuu wa chuo cha Galois akafunga milango wanafunzi wasitoke kwenda kupigana. Galois akajaribu kuruka ukuta, akashindwa, na hilo hakumsamehe. Mfalme akaondoka lakini akaja mwingine, Louis-Philippe, na watu wa jamhuri kama Galois wakaona wameibiwa mapinduzi. Desemba mwaka huo ikatoka barua gazetini ya kumshambulia mkuu wa chuo. Galois akafukuzwa. Akajiunga na kikosi cha mizinga cha Walinzi wa Taifa, kikosi chenyewe kikavunjwa mwisho wa mwaka. Miaka 19, hana chuo, hana kikosi, hana baba.

Januari 1831 akapeleka kazi yake Akademia mara ya tatu. Safari hii Poisson ndiye aliyemwomba ailete. Julai Poisson akatoa uamuzi: hoja hazijafafanuliwa vya kutosha hata mtu aweze kuhukumu kama ni sahihi. Wengi wanamtukana Poisson. Mimi nadhani alisema kweli. Galois aliandika kwa mkato kiasi kwamba ilibidi usome kichwa chake, si karatasi. Hata hivyo karatasi zilirudi mkononi kwa mwenyewe, na kurudi kwake ndiko kulikoziokoa.

Wakati huo ameshakamatwa mara mbili. Mei 1831 kwenye karamu ya wapenda jamhuri alinyanyua glasi kumtaja mfalme huku ameshika kisu. Alexandre Dumas, mwandishi wa riwaya, alikuwepo, na alisimulia baadaye kwamba alitoka kupitia dirishani asije akahusishwa. Kesi ikaisha, Galois akaachiwa. Julai 14 akakamatwa tena, amevaa sare ya kikosi kilichopigwa marufuku na amejaza silaha mwilini. Akafungwa miezi sita gereza la Sainte-Pélagie. Huko ndiko alikopata habari ya uamuzi wa Poisson, na huko aliendelea kuandika. Machi 1832 kipindupindu kilipoingia Paris akahamishiwa nyumba ya wagonjwa, akaachiwa mwisho wa Aprili. Katika kipindi hicho akampenda dada mmoja wa hapo hapo, mapenzi yakamtokea puani.

Mwezi mmoja baada ya kutoka, akaingia kwenye pambano la bastola. Wanahistoria wanabishana mpaka leo: wengine wanasema ni yule dada, wengine siasa. Yeye kwenye barua zake za mwisho alilaumu mapenzi.

Usiku wa tarehe 29 Mei 1832 alikaa akaandika. Mtasikia watu wakisema aligundua hisabati yote usiku huo mmoja. Si kweli, na mimi hii inaniudhi, maana inamfanya mchawi badala ya mfanyakazi. Kazi alishaifanya kwa miaka mitatu. Usiku ule alichofanya ni kile ambacho dogo na mimi tulitamani rafiki yetu angepata nafasi ya kukifanya. Alipitia karatasi zake, akasahihisha hapa na pale, sehemu moja pembeni akaandika kwamba muda hana. Halafu akamwandikia rafiki yake Auguste Chevalier barua ndefu yenye muhtasari wa kila kitu: kipi kimekamilika, kipi kiko wapi, kipi bado. Akamwomba awaombe Jacobi au Gauss waseme hadharani, si kama ni kweli, bali kama kina umuhimu. Kwamba ni kweli, hilo yeye hakuwa na shaka nalo.

Asubuhi ya tarehe 30, karibu na Gentilly, akapigwa risasi ya tumbo, akaachwa pale pale. Mpita njia ndiye aliyemkuta, akapelekwa hospitali ya Cochin. Mdogo wake Alfred, miaka 17, akafika na kukaa naye. Alikataa padri. Akafa tarehe 31 asubuhi. Walimzika tarehe 2 Juni kaburi la pamoja Montparnasse, na mahali penyewe leo hapajulikani. Bourg-la-Reine kuna kumbukumbu yake tu, kando ya kaburi la baba.

Baada ya hapo ni kazi ya watu wawili wasio na jina kubwa. Alfred na Chevalier wakakusanya makaratasi. Chevalier akakaa akanakili kwa mkono, herufi kwa herufi, vitu ambavyo wala si fani yake. Ile barua ikachapishwa Septemba 1832. Gauss na Jacobi hawakusema kitu. Ikapita miaka zaidi ya kumi. Mwishowe makaratasi yakamfikia Joseph Liouville, mwanahisabati mwenye jarida lake na mwenye subira, akayasoma polepole akijaza zile hatua zilizorukwa. Mwaka 1843 akaiambia Akademia kwamba amekuta humo jibu sahihi na la kina. Mwaka 1846 akayachapisha. Maisha yote ya Galois katika hisabati yaliingia kwenye kurasa kama 60. Leo karatasi zenyewe, pamoja na nakala za Chevalier, zipo maktaba ya Institut de France, na picha zake zimewekwa kwenye intaneti. Nimeziangalia. Mwandiko unakimbia, mistari imekatwa, pembeni kuna mahesabu na michoro ya ovyo ovyo ya mtu anayewaza.

Siku ya tatu jioni ddrescue ikafika mwisho. Kati ya gigabaiti 80 zilikuwa zimebaki chini ya megabaiti 3 zisizosomeka, na tulikuwa tumeshairudisha mara tano. Dogo akaruka juu, mimi nikamwambia tulia, megabaiti 3 inategemea zimeangukia wapi. Tukafungua nakala. Picha zote zipo. Kamusi ilifunguka, ila ina pengo. Katikati ya herufi M, ambayo kwa lugha zetu hizi ndiyo herufi nene kuliko zote, kuna kurasa zilizogeuka takataka. Rekodi za bibi, 11 kati ya 14 zinasikika mwanzo mpaka mwisho. Tatu zinakwama.

Tulichoma sidii nne. Moja kwangu, moja kwa dogo, moja kwa mama yao, moja kwa shangazi Muheza. Miaka iliyofuata dogo alikuwa anakwenda Muheza kila likizo na daftari kujaza lile pengo la herufi M, na mimi kazi yangu ikawa kuandika kwenye kompyuta anachorudi nacho na kukihamisha kwenye diski mpya kila ya zamani ilipochoka. Mimi si Mbondei, sijui hata salamu yao vizuri. Nakili tu.

Kati ya zile hadithi tatu zilizokwama, mbili shangazi alizikumbuka na tukamrekodi. Ya tatu ni ya fisi na mke wa mvuvi. Kila mzee pale kijijini anaianza vizuri, watu wanacheka, halafu anafika katikati anasita. Kama kuna Mbondei anasoma hapa na anajua inavyoishia, tafadhali andika hapo chini kwenye maoni.